Stendi ya Chuma Niliyoiuza

Binti yangu wa pili nilimpa jina zuri, lakini mtaani hakuna anayelijua. Wanamwita Tulia. Hilo ndilo neno alilokuwa akilisema kutwa kwa kila aliyesimama mbele ya kamera yake, awe bibi harusi au watoto wa shule wasiojua kukaa. "Tulia. Tulia hapo hapo." Mwishowe hata mimi niliyemzaa nikamwita hivyo, na mimi nikawa Mama Tulia. Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kutulia.

Wanaomwona leo dukani kwa mtu, akidurufu karatasi za watu, wanadhani hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Nataka ijulikane kwamba sivyo.

Alianza na kamera iliyokwisha kupita mikono mitatu, mlango wa betri umefungwa kwa utepe. Kilichompendeza hasa si watu. Alipenda vyumba. Angeweza kukaa asubuhi nzima mbele ya ngazi ya nyumba ya mtu akisubiri mwanga ushuke kidato cha tatu. Harusi alikuwa akizipiga ili tule. Vyumba alivipiga kwa ajili yake mwenyewe.

Shida ya vyumba ni mwanga mdogo. Alinieleza mara moja, nikaelewa hata na darasa langu la saba. "Mama, penye mwanga mdogo kamera inakunywa polepole, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Ukimgusa kiwiko, anajimwagia."

Kwa hiyo kamera inataka mahali pa kukaa. Na sisi hatukuwa na mahali. Nilimshonea kifuko cha kitambaa cha godoro, tukakijaza maharage. Alikiweka dirishani au juu ya kiti, kamera ikazama ndani yake na kutulia kama kuku anayeatamia. Kilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka mwezi mmoja mambo yalipobana tukakifumua na kuyapika yale maharage. Tulia alitazama sahani yake, akasema, "Haya, karibuni. Leo tunakula stendi."

Kwa harusi alitumia mpini wa fagio wenye skrubu juu. Mguu mmoja unapunguza mtikisiko, lakini hauwezi kusimama peke yake, na yeye mikono alikuwa nayo miwili tu. Baadaye akaazima stendi ya plastiki yenye miguu mitatu. Mgeni mmoja mwenye haraka ya chakula akaipiga teke. Kamera ikaanguka uso chini, lenzi ikapasuka. Nilikuwepo. Ule mlio bado ninao masikioni.

Ndipo mdogo wangu, mjomba wake, fundi wa kuchomelea mageti, alipoingilia kati. Alichukua mabomba matatu ya maji, akayaunganisha juu kwa bamba alilolisugua kwa tupa siku mbili hadi pima maji ikasema liko sawa. Chini akavisha vipande vya tairi. Boliti zake unene wa kidole gumba. Alipomaliza aliiegemea kwa uzito wake wote, akasema, "Hii hata tembo akijikwaa, ataomba radhi yeye."

Ilikuwa nzito kuliko ndoo ya maji iliyojaa. Mtaani wakaibatiza Ng'ombe.

"Tulia, Ng'ombe anakwenda machungani wapi leo?"

"Anakwenda kukamuliwa," alijibu, huku ameibeba begani, amepinda upande mmoja kama mti wa barabarani.

Tangu siku ile lenzi ilipopasuka, alinipa kazi. "Mama, njoo nami. Kazi yako ni moja tu: stendi isianguke." Nikaifanya kazi hiyo miaka sita. Kila alipobonyeza na kusogea kando, mimi nilishika mguu mmoja wa Ng'ombe, pale karibu na goti lake, kwa vidole vitatu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kusimama. Na picha zilitoka safi kiasi cha kuhesabu nyuzi za pazia. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilijua kwamba mkono wangu una fungu lake katika usafi ule.

Lakini Ng'ombe alikuwa akimla mwanangu mgongo. Nilimwona asubuhi akifunga viatu kwa kukaa chini na kuuleta mguu kwake, badala ya kuinama. Nilimwona akishuka ngazi kwa mguu mmoja kisha mwingine, kama bibi yake. Mzazi huwa haulizi, anahesabu. Nilihesabu mara anazoshika kiuno, na kila wiki zilikuwa zikiongezeka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Basi ikaja ile hoteli. Ni ya ghorofa tatu, ya zamani, sakafu za mbao. Meneja wake alikuwa ameona picha ya ngazi aliyoipiga Tulia, akamwita. Vyumba kumi na vinane, vyote vipigwe siku moja, tangu wageni wanapotoka saa nne asubuhi hadi wengine wanapoingia saa nane. Picha zikimpendeza mwenye hoteli, Tulia angepewa majengo yake yote sita, kazi ya mwaka mzima, vyumba vitupu tu, hakuna bibi harusi.

Alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Hii, Mama, ndiyo niliyokuwa naingoja. Ikinipita, naacha."

"Unaacha nini?"

"Kamera. Siwezi tena kuzeeka kwenye foleni ya maharusi."

Niliyasikia maneno hayo, lakini kilichonibaki akilini ni kwamba Ng'ombe atapandishwa ngazi za ghorofa tatu. Nikauona ule mgongo ukivunjika kwenye kidato cha mwisho. Usingizi ukanitoka. Nikasema, mtoto wangu hawezi kusema hapana kwa kazi, basi nitamsemea mimi.

Siku tatu kabla ya kazi, alipokwenda kupeleka picha za harusi, nilimwita mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Akaigeuza geuza stendi.

"Mama, hii ilikuwa ya kuwekea tangi la maji?"

"Ya kamera."

"Kamera gani hiyo, inayopiga picha za milima?" Akacheka, akaitupa juu ya mizani. Ilitoa mlio kama inaniita. Sikugeuka.

Nilichukua pesa zile, nikaongeza zangu, nikaenda hadi duka la kamera mjini. Muuzaji aliniuliza, "Unataka stendi ya simu au ya kamera?"

"Ya kamera. Ya mtu mwenye mgongo."

Akanifungulia moja inayong'aa. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo, kila kipande kikitoka ndani ya kingine, vipande vinne vinne, na katikati mlingoti unaopanda juu zaidi. Ilipomaliza kurefuka ilinizidi kimo. Niliinyanyua kwa vidole viwili. Nikafurahi mpaka nikaona haya.

Muuzaji alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alinionyesha nyingine pembeni, fupi, nene. "Kama ni kazi za ndani, ile ni imara zaidi. Ila ina uzito."

"Uzito ndio ninaoukimbia," nikamwambia.

Nilichagua stendi kama ninavyochagua ndoo ya kuchotea maji. Niliangalia itakavyobebwa, sikuangalia itakavyosimama.

Tulia aliporudi aliikuta mezani, nimeifunga utepe. Akaitazama. Kisha akatazama kona ya mlango, mahali pa Ng'ombe, ambapo palibaki alama tatu nyeusi za tairi sakafuni.

"Iko wapi?"

"Pumzisha mgongo wako, mwanangu. Hii hata..."

"Mama. Iko wapi?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alitoka mbio, yeye aliyekuwa hawezi kuinama, akaenda hadi uwanja wa vyuma. Lori lilikuwa limeondoka mchana kwenda tanurini. Aliporudi alinawa uso, akakaa, akaifungua ile zawadi polepole.

"Ni nyepesi kweli," akasema. "Ahsante, Mama."

Heri angenitukana.

Duka halirudishi kilichouzwa. Mwenzake mmoja mwenye stendi nzuri alikuwa safarini nayo. Kwa hiyo siku mbili zile Tulia alijifunza tabia za korongo wangu. Aliugonga mlingoti wa katikati kwa ukucha, kamera ikatetemeka muda mrefu kama unyasi. "Huu haupandi," akasema. Vile vipande vya chini, vyembamba kama penseli, akaapa hatavitoa. Akatundika mfuko wa mawe katikati ili kuipa uzito, akapanua miguu. Kamera akaiwekea saa: unabonyeza, unaondoka, inahesabu kumi, inapiga yenyewe bila kuguswa. Alijaribu sebuleni, picha zikatoka safi. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akiimba kidogo, nikasema, Mungu mkubwa, nimesamehewa.

Siku ya kazi tulifika mapema. Chumba cha kwanza shuka lilikuwa na mikunjo, Tulia akanituma kwa mhudumu nikaombe pasi. Niliporudi alikuwa amekwisha piga. Aliikuza picha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, akaichungulia kila pembe.

"Safi," akasema. "Mama, safi kabisa! Twende, tuna vyumba kumi na saba."

Sijamwona na uso ule tena.

Kuanzia chumba cha pili ilikuwa mbio. Anapanga, anapima, anabonyeza, anatoka haraka hadi ukumbini, kwa sababu mbao za sakafu zinacheza mtu akitembea. Kila mara aliniambia akiwa mlangoni, "Baki hapo uangalie." Ndivyo alivyozoea kuniambia miaka sita.

Nami nikaangalia. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapulizwa, na yule korongo amesimama kwa ncha za vidole na kamera yote ya mwanangu kichwani. Ule mfuko wa mawe ukawa unayumba kidogo. Nikaisikia tena lenzi ikipasuka. Nikanyoosha mkono, nikaushika mguu mmoja. Kwa vidole vitatu. Taratibu sana. Nikabana na pumzi.

Nilifanya hivyo vyumba kumi na saba. Tulimaliza saa nane kasoro dakika tano. Kwenye kioo kile kidogo kila picha ilionekana nzuri, na wakati wa kuzikuza hakuwa nao. Mhudumu akatupa maji. Tukatembea nyumbani tukicheka, yeye ameibeba stendi mkono mmoja kama mwavuli.

"Sasa unaona?" nikamwambia. "Mgongo unauma?"

"Hauumi, Mama."

Alifungua kompyuta kabla ya kula. Mimi nilisimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo mkononi. Picha ya kwanza ikajaa kioo, nzuri, unaona mshono wa mto. Ya pili ikaja. Ilikuwa kama chumba kinachotazamwa na mtu mwenye machozi. Kila ukingo ulikuwa na pacha wake: mto pacha, taa pacha, dirisha juu ya dirisha. Akaenda ya tatu. Ya nne. Alikuwa akibonyeza moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nikisema, "Labda kompyuta, labda macho, izime uiwashe."

Chumba cha kumi na moja kilikuwa na kabati lenye kioo mlangoni. Alikuwa amekisogeza vizuri kisionyeshe kamera. Lakini mlango ule haukuwa na kitasa, na kati ya kubonyeza na kupiga, ulifunguka wenyewe kidogo. Kwa hiyo pale pembeni ya picha, ndani ya kioo, ulionekana mguu mmoja wa stendi. Na juu ya mguu, mkono. Vidole vitatu, na bangili yangu ya shaba.

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaenda picha inayofuata.

Niliingia jikoni nikaivua ile bangili, nikaiweka ndani ya kopo la chumvi.

Kesho yake nilimfuata hotelini, sijui kwa nini, labda nilitaka kuadhibiwa mbele za watu. Nikakaa kwenye kiti cha mapokezi. Mlango wa meneja ulikuwa nusu wazi. Meneja ni mama wa makamo kama mimi, miwani inaning'inia shingoni.

"Dada, hizi ulipiga ukiwa juu ya pikipiki?"

"Nipe siku moja nirudie."

"Siku ipi? Vyumba vimejaa hadi mwisho wa mwezi, na mwenye hoteli anazitaka kesho."

"Hata vyumba vitano tu. Uone."

"Nimeona. Kimoja kizuri kati ya kumi na vinane. Mimi nikikupa funguo kumi na nane, unaofungua mlango ni mmoja, utasema nina hoteli?" Kisha sauti yake ikalegea. "Lakini kile kimoja ni kizuri sana. Sasa ilikuwaje? Kifaa kibovu?"

"Kifaa hakina kosa. Ni mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Pale nilipokaa palikuwa na mlango ambao ningeweza kuusukuma kwa kidole. Kuingia, kusema: ni wangu mimi, huyu hana kosa. Sikuinuka kitini. Nilijiambia haitasaidia kitu, vyumba vimejaa. Ni kweli isingesaidia. Lakini hiyo si sababu iliyonifanya nikae kimya. Niliogopa mwanangu anigeukie na lile jicho la kutazama kona tupu.

Alitimiza neno lake. Kamera aliiuza wiki ile ile, kwa bei ya kutupa. Mdogo wangu alipopata habari alikuja, ananyata akipapasa ukuta, maana macho yake yamekwisha kwa moto wa kuchomelea.

"Ungeniuza mimi, dada," akaniambia. "Mimi ndiye chakavu."

Alijaribu kutengeneza nyingine. Alipima mabomba kwa viganja na kuchomelea kwa kusikiliza. Ilipokamilika aliisimamisha uani kwetu, nayo ikasimama kwa miguu miwili, wa tatu hewani. Akaitikisa, akaisikia inavyogonga. Alipapasa hadi langoni akaondoka, na stendi ile ipo hadi leo uani, nimeanika juu yake matambara. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Na huyo wetu tulimchinja wenyewe.

Mwaka umepita. Tulia ameajiriwa kwenye duka la kudurufu. Kuna kamera pale ya picha ndogo za vitambulisho, imefungwa ukutani kwa mkono wa chuma na skrubu nne, haiondoki, haiguswi. Anabonyeza kitufe mezani. Ukuta mweupe, uso, ukuta mweupe, uso.

Wiki iliyopita kitambulisho changu kilikwisha muda. Ningeweza kwenda duka jingine. Nikaenda pale. Walikuwepo wateja wawili, nikangoja zamu kama watu.

"Kaa hapo, Mama. Mgongo nyuma. Mikono magotini."

Nikaweka mikono magotini. Nikaona hata pale haina mahali pa kujificha.

"Mwanangu," nikasema, "siku ile hotelini. Ile stendi. Mimi niliishika."

"Najua."

"Uliona kwenye kioo."

"Mama, mimi nilijua tangu zamani." Alikuwa anapangusa lenzi kwa pindo la kitambaa, hanitazami. "Miaka yote ulikuwa unaishika. Nilikuwa nakuona kutoka mlangoni. Ile ya mjomba ilikuwa haijali, hata ungeikalia. Nikasema, acha tu, anafurahi."

"Sasa mbona siku ile hukunikataza?"

Akaacha kupangusa.

"Nilisahau," akasema. "Nilikumbuka mlingoti, nikakumbuka mawe, nikakumbuka sakafu. Wewe nikakusahau."

Nilitaka kuinuka nimshike. Yule mteja wa nyuma akakohoa na kutazama saa.

"Hutarudi tena kwenye vyumba?" nikamuuliza.

"Nirudi na nini, Mama? Haya, tazama mbele. Usicheke, hawataki meno."

Nani alikuwa anacheka?

"Tulia," akasema.

Nikatulia. Kwa mara ya kwanza maishani nadhani, nilikaa bila kutikisa hata ukope, mikono miwili nimeibana magotini mpaka vidole vikafa ganzi. Kitufe kikalia. Akazikata picha nne kwa mkasi, akazipuliza, akanipa ndani ya bahasha ndogo.

Nilizitazama nje, barabarani. Zimetoka safi. Unaweza kuhesabu mikunjo yote.

Nyuma yangu nilimsikia akimwambia aliyefuata, "Kaa hapo. Mgongo nyuma. Mikono magotini."